Namkunda na Mji Usio na Watoto

— Paukwa!

— Pakawa!

— Mmeketi, au mnasukumana?

— Tumeketi, Bibi!

Haya. Mrindoko, toa mguu wako kwenye ungo wangu wa kunde. Nimeshakwambia mara ngapi? Basi sikilizeni, maana hadithi hii ina mtu mmoja anayenichosha kila ninapomsimulia, na leo magoti yananiuma.

Palikuwa na mwanamke, jina lake Namkunda, na mumewe, jina lake Senkoro. Walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza binti wa miaka sita, jina lake Nakiete. Wa pili mtoto wa kunyonya, jina lake Kateri, naye alikuwa anaota meno. Alilia asubuhi, alilia mchana, alilia jioni.

Walikaa mlimani, na chemchemi yao ikakauka. Mwaka wa kwanza wakavumilia. Mwaka wa pili wakavumilia. Mwaka wa tatu Namkunda akasema, "Baba Nakiete, tuhame. Watoto hawa hawatauona mwaka wa nne hapa."

Senkoro akasema, "Tuhame. Lakini mahali pa kuhamia nitapachagua mimi. Kuhama na familia si jambo la kukurupuka."

Namkunda akakubali. Kosa lake hilo, lakini tumwache.

Wakafunga mizigo. Senkoro akabeba jembe na mkeka. Namkunda akabeba chungu, kinu, mchi, kapu la unga, na Kateri mgongoni. Ndiyo, kinu na mchi kabeba yeye. Mnacheka nini? Mimi sijacheka.

Wakatembea siku nne. Siku ya tano wakafika kwenye bonde lenye mto. Udongo mweusi, migomba imenona, watu wema. Wanawake walikuja kumpokea Namkunda mizigo kabla hata hajasalimia. Watoto walikuwa wanaogelea mtoni na kupigiana kelele.

Namkunda akasema, "Baba Nakiete, hapa panafaa."

Senkoro akazunguka. Akatazama juu, akatazama chini. Akasema, "Hapana. Majogoo ya hapa yanawika ovyo. Nimesikia moja linawika saa sita mchana. Mji wenye jogoo la namna hiyo hauna mpangilio."

Namkunda akavuta pumzi. Akaishusha. Akabeba kinu chake, wakaenda.

Wakatembea siku nne nyingine. Siku ya tano wakafika kwenye kilima chenye upepo mzuri. Kisima kipo, malisho yapo. Mzee wa mji akawaonyesha kiwanja kipana, akasema, "Jengeni hapa, vijana wetu watawasaidia kukata miti." Watoto walikuwa wanakimbizana na mbuzi.

Namkunda akasema, "Baba Nakiete, hapa panafaa."

Senkoro akazunguka. Akatazama juu, akatazama chini. Akasema, "Hapana. Umeona njia ya kuingilia? Inapinda kushoto. Mimi napenda njia inayopinda kulia."

"Ukiwa unatoka si itapinda kulia?"

"Mama Nakiete, mambo haya huyajui."

Namkunda akavuta pumzi. Akaishusha. Akabeba kinu chake, wakaenda. Lakini safari hii miguu yake ilikuwa imevimba, na maziwa yalikuwa yameanza kumpungua. Nakiete alikuwa amechoka hata kuuliza wamebakiza safari ya umbali gani. Mtoto akifika mahali haulizi tena, ujue amechoka kweli.

Basi siku moja, jua likiwa utosini, wakafika mahali ambapo hawakuwahi kusikia habari zake. Njia ilipinda kulia. Majogoo hayakuwika, maana hayakuwapo. Nyumba zilikuwa nzuri, zimepakwa chokaa, zimepangwa mstari mmoja, na kila nyumba mlango wake uko wazi. Ndani ya kila nyumba chungu kilikuwa mekoni kinatoa mvuke. Nje palikuwa pamefagiliwa, hata jani moja hulioni.

Senkoro akatua jembe chini. "Unaona? Unaona sasa? Ndiyo maana nilisema nitachagua mimi."

Namkunda akasimama, akasikiliza. Akasikia upepo. Akasikia chungu kikichemka. Hakusikia kingine.

Akasema, "Baba Nakiete, watoto wa hapa wako wapi?"

"Watakuwa wamelala."

"Wote? Mchana huu?"

"Basi watakuwa shambani."

"Hata wachanga? Wanalima?"

"Basi watakuwa wametumwa maji. Mama Nakiete, kwa nini huwezi kufurahi hata mara moja?"

Namkunda akavuta pumzi. Hata hajaishusha, akatokea mzee mmoja. Alivaa kanzu nyeupe, mikono yake laini, tumbo lake kubwa kama ghala. Alitembea polepole, akilishika tumbo kwa mikono miwili.

"Karibuni! Karibuni sana! Mnatafuta mahali pa kukaa? Nyumba zote ziko wazi. Chagueni."

Huyo, watoto wangu, hakuwa mzee. Huyo alikuwa zimwi. Lakini Senkoro aliona kanzu tu.

Wakachagua nyumba ya katikati. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, magodoro ya sufi, maboga, asali, wali wa moto. Zimwi akawaonyesha mafiga matatu ya jiko, akasema, "Masharti ni madogo. Mgeni wangu lazima aridhike. Kitu kisipokupendeza, niambie, nami nitakirekebisha. Ukisharidhika, simama mbele ya mafiga haya, useme 'Tumehamia' mara tatu. Kwangu hapa neno likisemwa mara tatu mbele ya mafiga, limekwisha, halirudi. Ndiyo amri ya mahali hapa, hata mimi inanifunga."

Senkoro hakungoja hata kunawa mikono. Akasimama mbele ya mafiga akasema, "Tumehamia!"

Papo hapo huko nje miiba ikaota kuzunguka mji mzima, ikaifunga njia waliyojia.

"Baba Nakiete!" Namkunda akasema. "Ngoja kwanza. Ile miiba ni ya nini?"

"Uzio huo. Mji wenye uzio ni mji salama. Tumehamia!"

Dirisha likajifumba kama jicho.

"Baba Nakiete, dirisha limekwenda wapi?"

"Vumbi halitaingia. Kwani wewe unataka vumbi?"

Wakati huo Nakiete alikuwa amesimama karibu na zimwi, na kichwa chake kilikuwa sawasawa na tumbo la zimwi. Akainua macho, akamvuta mama yake nguo.

"Mama, tumbo la babu linaimba."

Zimwi akacheka. "Njaa hiyo, mjukuu wangu. Mzee akikosa chakula tumbo huimba."

Lakini akainama kukoroga chungu, na Namkunda akapita nyuma yake kama anatafuta kata, akatega sikio. Ndani ya lile tumbo akasikia sauti nyingi, za watu wazima na za watoto, kwa mbali, kama watu walioko chini ya kisima. Zilikuwa zinaimba:

*Mgeni usiseme, usiseme,*
*Nasi tulisema, tulisema,*
*Moja tukahamia mjini,*
*Mbili tukahamia nyumbani,*
*Tatu tukahamia tumboni.*

Imbeni na nyie. Mara moja tena. Haya, inatosha, msinipasue masikio.

 Sasa Namkunda alijua watoto wa mji ule wako wapi. Akageuka amtazame mumewe. Na Senkoro alikuwa amesimama mbele ya mafiga, amejiweka sawa, amepanua kifua.

"Tume..."

Namkunda akachota tonge la wali, akamtia mdomoni. La pili. La tatu. Senkoro akatumbua macho, mashavu yamefura.

"Kula kwanza, baba," Namkunda akasema. "Safari ilikuwa ndefu."

Kisha akamgeukia zimwi. Alijua wamefungiwa, hawawezi kukimbia. Alijua pia kwamba kabla ya neno la tatu yule hawezi kuwagusa, maana angekuwa anaweza angekuwa ameshawagusa. Akawaza: amesema mgeni lazima aridhike. Basi mimi sitaridhika. Na kutoridhika nimefundishwa kwa siku nyingi na mwalimu hodari.

Akasema, "Mzee, nyumba nzuri. Lakini mlango unatazama magharibi. Jioni jua litampiga mtoto usoni."

Zimwi akasema, "Ni kweli. Nitarekebisha." Akatoka, akaweka bega ukutani, akaigeuza nyumba nzima, na vyungu vikagongana ndani. Aliporudi kanzu ilikuwa imepasuka nyuma, na mkia ulikuwa unaonekana.

"Haya. Semeni."

"Asante, mzee. Lakini kisima kiko mbali. Mimi nina mtoto mgongoni."

Zimwi akasema, "Ni kweli. Nitarekebisha." Akatoka, akakishika kisima ukingoni, akakiburuta mpaka mlangoni, maji yanamwagika njia nzima. Aliporudi kucha zilikuwa zimemtoka, ndefu kama mundu.

"Haya. Semeni."

"Asante, mzee. Lakini moshi. Mtoto anakohoa."

"Hajakohoa!"

"Atakohoa."

Zimwi akavuta pumzi. Akaishusha. Akapanda juu, akainua paa kwa mgongo, akaliweka dhiraa moja juu zaidi. Aliposhuka nywele za kisogoni zilikuwa zimeachana, na katikati yake palikuwa na mdomo wa pili, una meno.

Senkoro alikuwa amemeza wali wake. Alikuwa amekaa mahali ambapo mgongo wa zimwi hauoni, kwa hiyo mkia hakuuona, na mdomo hakuuona, na zile kucha alidhani ni uzee tu. Alimwona mkewe tu anamsumbua mwenyeji.

"Mama Nakiete, unanitia aibu! Mzee wa watu anahangaika, na wewe kazi kulalamika. Mzee, msamehe. Sisi tume..."

Tonge la nne. Hilo Namkunda alilisindika kwa kidole.

Akasema, "Mzee, nimebakiza jambo moja. Sihamii mahali kabla sijaongea na waliokaa hapo. Nataka kuwauliza maji yakoje, mvua ikoje, mbu wakoje. Niletee mtu aliyekaa nyumba hii kabla yangu."

Zimwi akakuna kucha kwa kucha. "Waliokaa hapa wako mbali."

"Basi sijaridhika."

"Wako mbali sana!"

"Basi sijaridhika, na leo sihamii, na kesho sihamii, na nitakaa hapa hapa kwenye kiti nikiwa sijahamia."

Zimwi lilikuwa na njaa. Wakubwa wawili na watoto wawili, wanono au wamekonda, lilikuwa linawataka. Na liliwaza: mji umefungwa kwa miiba, nikimtoa mmoja ataenda wapi? Likajiinamia, likakohoa, likatapika. Akatoka bibi mmoja, ameloa, ameshika mwiko. Jina lake Nambike.

Namkunda akamshika mkono. "Shikamoo, bibi. Mahali hapa pakoje?"

Bibi Nambike akamtazama Namkunda, akamtazama zimwi. "Pana... joto," akasema.

Namkunda akasema, "Mzee, huyu anakuogopa. Na mtu mmoja hawezi kujua mambo yote ya mji. Nataka wanaume, wanijulishe habari za shamba."

Zimwi likapiga mguu chini. Likakohoa, likatapika. Wakatoka wanaume kumi na wawili na majembe yao.

"Haya, sasa SEMENI!"

"Bado, mzee. Mimi nina watoto. Nataka kujua kama watoto wa hapa wanafurahi. Niletee watoto."

"Wangapi?"

"Wote. Watoto wachache hawajui kucheza."

Zimwi lilikuwa limeshachoka hata kufikiri. Likakohoa, likakohoa, likakohoa, na tumbo likawa linanywea kama kiriba kilichofunguliwa. Wakatoka watoto, na mama zao nyuma yao. Wakajaa chumbani, wakajaa mlangoni, wakajaa uani mpaka kwenye kisima.

Watoto wale, kwa muda wote waliokuwa tumboni, hawakuruhusiwa kulia. Walipoona mwanga tu, wakaanza. Mmoja akalia. Wa pili akalia. Wa tatu akataka maji. Mwingine akataka kukojoa, mwingine akataka wali, mwingine akasema mwenzake amemtazama vibaya. Wawili wakapigana kwa ajili ya mwiko wa Bibi Nambike. Na Kateri, mwenye meno yake yanayoota, aliposikia wenzake akapandisha sauti kuliko wote.

Zimwi likaziba masikio. Lilikuwa halijasikia kelele ya mtoto kwa miaka mingi. Lilizoea kumeza mapema.

"Wanyamazisheni!"

"Watoto hawa hawafurahi, mzee," Namkunda akasema. "Sijaridhika."

"Wewe mwanamke! Nimekugeuzia nyumba! Nimekuletea kisima! Nimeinua paa! Tumbo langu limebaki ngozi! Unataka nini tena?"

"Mlango. Nimeona afadhali ulivyokuwa mwanzo."

Zimwi likang'ata kanzu yake. Likaruka, likatua mbele ya mafiga, likapiga kelele, "Mimi NAHAMA!"

Huko nje miiba ikalegea.

Namkunda aliiona. Bibi Nambike aliiona. Senkoro naye, maana zimwi lilikuwa limempa kisogo, akauona mkia, akauona mdomo wa pili, na wali ukamkwama kooni.

Namkunda akaweka mkono sikioni. "Unasemaje, mzee? Mtoto analia, sikusikia."

"Nimesema NAHAMA!"

Dirisha likafumbuka, mwanga ukaingia.

"Una nini? Una homa?"

"NAHAMA! NAHA..."

Halikumaliza la nne. Lilikuwa limeshasema la tatu, mbele ya mafiga yake lenyewe, na amri ya mahali pale ilikuwa inalifunga. Miguu yake ikaanza kutembea. Likashika mlango, miguu ikaendelea. Likashika mti, miguu ikaendelea. Likapita kwenye miiba iliyokuwa inanyauka, likiwa limejaa hasira, kanzu vipande vipande, ngozi ya tumbo inalipigapiga magotini. Likapanda kilima, likashuka upande wa pili. Mpaka leo linatembea, halina ruhusa ya kukaa.

Watu wakapiga vigelegele. Mama akamkumbatia mwanawe, mume akamkumbatia mkewe. Kila mtu akakimbilia nyumba yake, akaingia, akagusa kuta zake.

Naam. Kila mtu nyumba yake. Mmeelewa hapo? Bibi Nambike akamwambia Namkunda kwa upole, "Mwanangu, umetuokoa. Lakini hii uliyokaa ni nyumba yangu. Nina wajukuu tisa."

Namkunda akatazama kitanda. Akatazama magodoro. Akainuka, akabeba kinu chake, akatoka.

Senkoro akamfuata nyuma. Walipofika uani akamshika mkono akamsimamisha.

"Mama Nakiete."

"Nini?"

"Uliniuliza watoto wako wapi."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza mara tatu. Nami nilikuwa nakujibu uongo, kwa sababu sikutaka kuonekana nimekosea." Akaangalia chini. Machozi yakamdondoka, mtu mzima yule. "Ningewatia tumboni, wewe na watoto wangu. Kwa sababu ya njia inayopinda kulia."

Namkunda hakumwambia si kitu, maana haikuwa si kitu. Hakumtukana pia, hakuwa na nguvu. Alimpa kinu. Kisha akampa mchi. Kisha akamfungulia Kateri mgongoni, akampa na Kateri, akiwa analia vilevile.

Watu wa mji wakakaa kikao. Wakawapa kiwanja pembeni, penye mawe mengi na mteremko. Hapakuwa pazuri. Senkoro akazunguka, akatazama juu, akatazama chini, akafungua kinywa. Akakifunga. Akamgeukia mkewe.

"Wewe unaonaje?"

Namkunda akakaa chini, akanyoosha miguu yake iliyovimba. Wanaume kumi na wawili walikuwa wanakuja na majembe kutoa mawe. Bibi Nambike alikuwa anakuja na uji. Nakiete alikuwa ameshapotea katikati ya kundi la watoto, na ulikuwa unasikia sauti yake tu, anawafokea wenzake kwamba zamu ni yake.

"Wacha nisikilize kwanza," Namkunda akasema.

Akafumba macho asikilize. Akalala pale pale kwenye mawe, mchana kweupe, watoto thelathini wanapiga kelele, wala hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Basi, hadithi yangu imeketi hapo, haiendi mbele tena. Mkitaka kuhamia mahali na watoto wenu, msitazame chokaa wala njia inavyopinda. Tazameni watoto wa hapo wanaishije. Na mwenzako akikuuliza swali, mjibu ukweli, hata kama jibu ni kwamba hujui.

Sasa inukeni mkanawe mikono. Mrindoko, ule mguu!